Mukeke wa kuchoma wa Baraka: mkubwa na tule tudogo twa kijiti

Niseme mapema, juu najua wengine hawatafika mwisho wa maandishi haya: mukeke wa kuchoma wa Baraka ni mtamu, na mtu aliye Uvira mwenye siku mbili za bure apande mutuka aende. Hilo njo jibu kwa wote walioniuliza. Yanayofuata ni kwa wale wanaotaka kujua ni mukeke yupi, wa saa ngapi, na kwa nini mimi niliyesomeshwa kwa pesa ya samaki nilirudisha kijiti kimoja mezani bila kukimaliza.

Sisi wasomi tuna tabia moja. Chakula cha kwetu tunakisifu kama watu wanavyomsifu bwana harusi siku ya arusi: hakuna anayeuliza swali. Picha mbili, neno "tamu sana", basi tunapita. Memwari yangu ilikosolewa na walimu watatu saa nzima, mpaka nikaanza kutazama mlango. Lakini mukeke, ninayemla tangu sijaota meno yote, sijawahi kumkosoa hata dakika moja. Naye ana haki ya kukosolewa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Mukeke ni samaki mrefu, mwembamba, ngozi inang'aa kama fedha, mdomo umechongoka. Uvira, Fizi na Bujumbura tunamwita mukeke. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ni mgebuka. Kwenye vitabu anaitwa Lates stappersii, jina alilopewa mwaka 1914 kwa heshima ya Louis Stappers, daktari Mbelgiji aliyezunguka maziwa yetu akikusanya samaki. (Babu zetu walikuwa wanamchoma miaka na miaka, lakini jina la karatasi likaenda kwa yule aliyemtia ndani ya chupa.) Ni ndugu wa sangala, ila hafiki unene wa sangala. Hapatikani penye ziwa lingine, ni Tanganyika tu, na akisha kukomaa chakula chake kikubwa ni ndagala. Hiyo ya ndagala muiweke kando, nitairudia.

Pale Baraka utasikia majina yote mawili mbele ya mbabula moja. Kuanzia mwaka 2005 watu wengi walirudi kutoka makambi ya Tanzania kwa boti za HCR zilizotoka Kigoma, na walirudi na Kiswahili cha kule. Mama anakuuzia mukeke, binti yake aliyezaliwa Nyarugusu anakuita: "Kaka, migebuka ya moto hii hapa!" Samaki ni yule yule, makala ni yale yale.

Kutoka Uvira ni kilometa karibu 90. Nilikwenda mwezi wa kumi, mvua imeshaanza. Ya barabara nawaachia. Kila mmoja wetu ana hadithi yake na zote zinafanana.

Mji wenyewe umekaa ndani ya Ghuba ya Burton, mbele yake rasi ya Ubwari imelala kama mkono unaokinga sahani. Ni pazuri kwa macho, lakini mukeke hakai mule. Ghuba ile ina kina kifupi, na mukeke ni samaki wa maji makubwa. Kwa hiyo jioni wavuvi wanatoka, wanazunguka ncha ya Banza, wanaingia ziwani wenyewe na mitumbwi iliyofungwa pamoja na taa juu. Taa inaita ndagala, ndagala wanaita mukeke, nyavu inawangoja wote wawili. Mwezi ukiwa mzima, taa haina nguvu tena, na wavuvi wanalala nyumbani. Hapo utaona kanuni ya kwanza ya mlaji: kabla ya kutazama mfuko wako, tazama mwezi. Ukifika Baraka mwezi umejaa, yule utakayeletewa amelala mahali siku kadhaa. Mimi nilingoja giza.

Kanuni ya pili inatoka kwa mafuta. Mukeke ana mafuta mengi, na samaki wa mafuta anaharibika haraka kuliko mwingine. Anafika pwani alfajiri. Sisi tunataka kumla jioni, na jua lina mikono mirefu. Pale nilipokula hapakuwa na barafu. Niliona mama mchomaji anavyolitatua jambo hilo, na naamini siri yote ya utamu iko pale. Ananunua asubuhi, anamtumbua, anampaka chumvi, kiisha anamweka juu ya waya, moto mdogo, moshi mwingi, mpaka ngozi ikauke na nyama ishikamane. Anamwondoa. Jioni, mteja akija, anamrudisha juu ya makala amalizie. Mukeke anapita motoni mara mbili. Yule niliyezoea kula Uvira anachomwa mara moja, toka beseni mpaka waya. Ni mzuri, ila hana ile harufu ya moshi iliyoingia mpaka kwenye mfupa.

Basi nikaketi. Mama akaniuliza:

"Mwanangu, unataka mukubwa ao ya kijiti?"

"Mkubwa ni ngapi, Mama?"

"Elfu tano. Kijiti, elfu moja, iko tatu tatu."

Nilichukua mkubwa kwanza. Alikuwa na urefu wa mkono wangu toka kiwiko mpaka kwenye vidole. Chanjo tatu kila upande, chumvi imeingizwa ndani ya chanjo kwa kidole, hakuna kingine. Makala hayakuwa mekundu. Yalikuwa yamevaa majivu, na Mama hakuyapepea hata mara moja. Mafuta yalidondoka, moshi ukapanda, akamgeuza mara moja tu. Nilimuuliza kwa nini mara moja. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Ukimugeuza-geuza anavunjika. Muache aive."

Aliniletea juu ya karatasi ya daftari, na chini ya mkia nikasoma mtihani wa hesabu wa mtoto fulani: 4 juu ya 10. Pembeni muhogo wa kuchemsha, ndimu iliyokatwa, na pili-pili iliyotwangwa na chumvi.

Sasa hukumu. Ngozi ilipasuka chini ya kidole, kavu kabisa, na chini yake kulikuwa na ule utando wa mafuta ambao njo sababu ya watu kusafiri. Nyama ni nyeupe, inatoka kwa vipande virefu, wala si kwa makombo. Mfupa wa mgongo uliinuka mzima kama kitana. Moshi unausikia mwishoni, ukisha kumeza, hausukumani na samaki mlangoni. Shavu la kichwa, kale kanyama kadogo nyuma ya jicho, ni bora kuliko sehemu zote, na anayekula mukeke akaacha kichwa namhurumia. Muhogo ulifanya kazi yake: unanyamaza na kubeba mafuta.

Makosa yapo. Karibu na mkia chumvi ilizidi, juu mkia ni mwembamba na yeye anapaka sawa kwa sawa. Tumboni kulikuwa na uchungu kidogo, maana yake nyongo ilipasuka wakati wa kumtumbua na hakusuuza vizuri. Na ile pili-pili, ninaomba radhi kwa marafiki wa Fizi, ni kali kupita lazima. Ukichovya kipande cha kwanza, cha pili hukisikii tena. Iweni na subira: kula nusu ya samaki bila kitu, kiisha ndimu, kiisha pili-pili kama bado mnaitaka.

Nilikumbuka mukeke niliyemla mwaka uliopita Bukavu, mahali ambapo wanakupa kitambaa cha kujifuta na orodha ya vyakula yenye picha. Walimkaanga kwanza, wakamchoma kidogo ili apate mistari myeusi, wakamwekea mayonezi na karoti zilizokatwa kama nyota. Bei yake ingelisha meza nzima ya Baraka. Nyama ilikuwa kama unga, juu aligandishwa, akayeyushwa, labda akagandishwa tena. Nakumbuka nilitoa picha, nikaandika "tamu sana". Nami ni wale wale.

Nilipomaliza nikaomba kijiti.

Hapa njo tunafika penye shida. Kijiti njo kile mnachokiona kwenye simu zenu siku hizi, njo kile vijana wa Baraka wanachokionea fahari: tumikeke tudogo tutatu, tumechomwa kijiti toka mdomo mpaka mkia, tumepakwa mafuta na unga wa kiungo wa paketi, tunang'aa. Kanapendeza kwenye picha, hilo nakubali. Kila kamoja hakapiti urefu wa kalamu ya wino. Mchomaji anapepea makala mpaka yawe mekundu, anageuza, anageuza, dakika nne, tayari.

Nilikula kamoja na nusu. Kanavunjika mdomoni kama biskuti, na mifupa unaitafuna yote, sawa, watu wanapenda hivyo. Lakini utamu unaousikia ni wa paketi. Funga macho: huwezi kusema kama ni mukeke, ndagala mkubwa, ao mguu wa kuku. Mafuta hayamo, juu kasamaki kadogo hakajapata muda wa kunona. Ule moshi wa asubuhi haupo, kwani kasamaki kale kangekauka kabisa kangepita motoni mara mbili. Kila kitu kinachomfanya mukeke awe mukeke kimeondolewa, kimebaki kijiti. Kwa mizani ya ulimi tu, bila kuingiza jambo lingine lolote, kijiti ni chakula cha kawaida kilichovaa jina la mkubwa wake.

Jambo lingine lipo lakini, na ningeficha ningekuwa nimeandika tangazo la biashara. Kasamaki ka urefu wa kalamu hakajazaa. Na ziwa letu halina samaki wa kuchezea. Mwaka 2003 gazeti la sayansi Nature lilichapisha utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake juu ya Tanganyika. Walionyesha kwamba maji ya juu yanapopata joto na upepo unapopungua, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini, na chakula kilicho chini hakipandi. Uzalishaji wa mimea midogo ya majini huenda umepungua karibu asilimia 20, na walikadiria kwamba mavuno ya samaki yanaweza kupungua karibu asilimia 30. Fuata mnyororo: mimea midogo inalisha wadudu wa majini, wadudu wanalisha ndagala, ndagala wanalisha mukeke. Nilisema nitairudia. Uvira penyewe tuna Centre de Recherche en Hydrobiologie, na wengi wetu tumepita mbele ya lango lake miaka yote ya masomo bila kuingia kuuliza swali hata moja.

Nilimweleza Mama, polepole, bila maneno makubwa. Alinisikiliza huku akiweka makala. Kiisha:

"We musomi. Unaona mi njo ninaendaka mu ziwa na nyavu?"

"Hapana, Mama."

"Wavuvi wanaleta vile nyavu imekamata. Bakubwa, mutu wa Bukavu ananunua yote saa kumi na mbili ya asubuhi, mi ninabaki na ngapi? Tano, sita. Na ule mwanafunzi iko na elfu moja ku mfuko, atakula nini? Atakula memwari yako?"

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nikacheka, juu alikuwa amenipata.

Nikamuuliza juu ya mwaka 2024, wakati nchi nne za ziwa zilipokubaliana kusimamisha uvuvi toka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane. Hakujibu haraka.

"Kisha ile miezi tatu, samaki ilikuwa na mafuta, sitakudanganya. Lakini mi watoto yangu walikuwa wamekonda. Waliosema tufunge ziwa, kuna mutu alileta unga?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Lazima niseme pia kitu ambacho sikumwambia Mama yule. Minervali yangu ya miaka mitatu ya kwanza ilitoka kwenye kapu la mama mkubwa wangu. Alikuwa ananunua mukeke pwani, anawakausha kwa moshi, anawapeleka sokoni. Juu ya kapu alipanga wakubwa, wazuri, vichwa vinatazama upande mmoja. Chini walikaa wadogo, waliochanganywa, waliouzwa kwa fungu. Nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kuwapanga. Nawajua wale wadogo kwa vidole. Sehemu ya elimu yangu, sijui ngapi juu ya mia, iliandikwa na tumikeke ambato hatukufika kuzaa. Kwa hiyo simtupii Mama wa Baraka jiwe, na mtu yeyote atakayechukua maandishi haya akaenda kumgombeza mchomaji mmoja pale pwani, atakuwa hakunisoma.

Ninaowagombeza ni sisi. Kijiti kimepata jina kwa sababu ya picha zetu. Miaka niliyokuwa mwanafunzi, kijiti kilikuwa kitu cha watoto watokao shule, hakuna aliyekihesabu kama chakula cha mji. Sasa mgeni anashuka kwenye mutuka anauliza kijiti kwanza, juu amekiona kwa simu. Mkubwa hapigwi picha sana: ni mweusi-mweusi, amelala kwenye karatasi ya daftari, ameungua mkia. Hana sura. Tumeacha jicho likahukumu mahali pa ulimi, na mchomaji, ambaye si mjinga, anapika kile kinachoulizwa.

Mtaniambia: elfu tano ni pesa. Ni kweli, na wengi wetu tuna diplome ukutani na mfuko mtupu. Lakini fanyeni hesabu. Mkubwa mmoja wa 5 000, mkiwa wanne, kila mmoja anatoa 1 250. Kwa nyongeza ya franka 250 juu ya bei ya kijiti, kila mmoja anapata robo ya samaki mwenye mafuta, muhogo umo, na mnapigania kichwa, jambo ambalo ni nusu ya raha. Hesabu hiyo hata yule wa 4 juu ya 10 angeiweza. Mukeke mkubwa tangu zamani ni chakula cha kushirikiana. Nyumbani kwa mama mkubwa hakuna mtu mmoja aliyepewa mukeke mzima, isipokuwa mgeni. Kijiti njo kimetufundisha kula kila mtu na chake, amesimama, simu mkono wa pili.

Sisemi ziwa litapona kwa watu wanne kwenye benchi. Nyavu za matundu madogo hazishonwi na Mama, na anayezileta hali samaki wa kijiti. Ila mkosoaji anahukumu sahani iliyo mbele yake, na kati ya sahani mbili nilizowekewa, moja ni bora kwa ulimi, kwa mfuko wa watu wanne na kwa ziwa pia. Ni mara chache vitu hivyo vitatu vinakubaliana, na sisi tunasifu ile nyingine.

Siku ya pili nilirudi jioni. Nilimkuta Mama amebakisha wakubwa wawili, mmoja amewekwa pembeni chini ya sufuria.

"Huyu ni ya nani, Mama?"

"Ni ya ule anaulizaka mingi. Leo nimesafisha tumbo muzuri, uonje kama utasikia tena ile uchungu yako."

Sikuusikia. Chumvi ya mkia bado ilizidi, nikamwambia, akasema mkia njo dawa ya bia, nisilete mambo. Nusu nilikula pale, nusu nikafungiwa kwenye karatasi, nikamaliza kichwa asubuhi mutuka ulipopumzika Mboko. Hata baridi, alikuwa mzuri.

Kwa watakaokwenda: tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 wachomaji wengi wamesogea nyuma, kwa hiyo usitafute pale ulipokula zamani, fuata moshi. Uliza kama samaki ni wa leo na umtazame jicho kabla hajawekwa motoni. Nenda siku za giza, mkiwa wanne, kabla ya saa kumi na mbili za jioni. Wakubwa njo wanaisha wa kwanza.